Mstari Aliouruka

Friji lilikuwa limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Mama alilisukuma kwa bega, na upande wa pili muuza vinywaji alilivuta huku akimwomba Mungu kwa sauti.

"Inua kidogo, Mama Kola! Kidogo nimesema, usinilalie nalo!"

Binti alisimama uani na bahasha ya vyeti mkononi. Alikuwa ametoka kwa saa moja tu, kwenda kutoa nakala. Sasa sebuleni, ambako ndiko chumbani na ndiko jikoni, kulikuwa na kochi la jirani, mke wa dereva, na vitambaa vyake vya kufuma, zulia jekundu ambalo hakulijua ni la nani, na hili friji lililokuwa likiingia ubavuubavu. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa nyuma ya pazia pamoja na meza ya pasi na gunia la mkaa.

"Mama, hivi vyote vya nini?"

"Vya mgeni. Ulitaka mtu wa chuo akae wapi, juu ya ndoo?"

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Barua ilipofika alimsomea mama huku mama akipiga pasi. Nafasi ya chuo ameipata, ilisema, lakini ada italipwa na mfuko wa ufadhili, na mkaguzi atafika nyumbani saa nne asubuhi kuthibitisha kuwa familia haina uwezo. Alipofika kwenye maneno hayo ulimi ulimgoma. Alimtazama mama, mwanamke aliyenyoosha kola za mashati ya watu kwa miaka ishirini hata mtaa ukamwita Mama Kola, na ambaye hajawahi kumwambia mtu "sina", husema "bado sijapata." Binti akauruka mstari. "Mtu atakuja kutufahamu," akasema, kisha akakunja barua. Alijiambia amefanya hivyo kwa kumwonea mama huruma. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe aliona haya.

Saa tatu na nusu. Alienda mlangoni, akarudi, akagusa kochi, akaenda mlangoni tena.

"Turudishe, mama. Tafadhali. Mgeni anakuja kuangalia..."

"Najua anachokuja kuangalia." Mama alikuwa akipangusa friji kwa khanga, mlangoni pake, kwenye kishikio, hata juu ambako hakuna mtu angefika. "Hukuwepo mimi nilipotafuta chumba hapa mjini. Ukienda umechakaa, chumba kimeshachukuliwa. Ukirudi kesho umependeza, kumbe bado kipo. Hawa watu ni walewale. Wakituona tumejipanga, watajua hawapotezi kwako."

Maneno yale yalikuwa kweli kabisa, mahali pengine pote isipokuwa hapa. Binti akajikaza aanze upya kueleza, na hapo ndipo hodi ilipopigwa, robo saa kabla ya wakati.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi, karatasi zake amezibana juu ya kibao. Binti akamwamkia, naye akaitikia kwa upole wa mtu aliyechoka. Alikaa kwenye kochi, likamzamisha. Akazungusha macho polepole, kalamu ikaanza kazi. Binti alijua kusoma maandishi yaliyopinduka, akayasoma: *Kochi, lipo. Zulia, lipo. Friji, lipo.* Kwa dakika tano hivi, mbele ya macho yake, chuo kilikuwa kinaondoka, na mama yake alikuwa amesimama pembeni akitabasamu kwa fahari.

"Si vyetu," akasema.

Mama akageuka.

"Tumeviazima," binti akaendelea. "Vyote ni vya majirani."

Mkaguzi akaweka kalamu chini, akashusha pumzi. "Binti yangu, wiki hii nimeingia nyumba kumi na tisa. Katika nyumba kumi na moja, nimeambiwa friji ni la jirani. Bwana mmoja alihamishia televisheni yake kwa shemeji. Nikaenda kwa shemeji nikaikuta, na yeye mwenyewe nikamkuta amekaa anaitazama." Hakucheka. "Watu huficha vitu nikija. Nani anaazima ili akose?"

"Mama hakujua. Mimi ndiye niliyemsomea barua, na kuna mstari niliuruka."

"Mstari gani?" Mama ndiye aliyeuliza.

Pale dirishani kivuli cha muuza vinywaji kilisogea. Binti alitamani ardhi ipasuke. "Kwamba anakuja kuthibitisha kuwa familia haina uwezo," akasema.

Uso wa mama ukafungika. Mkaguzi alimtazama yeye sasa, kalamu mkononi. "Mama, anayosema ni kweli? Vitu ni vyako au si vyako?"

Ilikuwa rahisi kusema "vyangu." Neno moja tu, naye angebaki na heshima yake mbele ya mgeni na mbele ya dirisha. Binti aliliona neno hilo likimjia mama mdomoni.

Mama alienda kwenye friji, akalikumbatia, akalivuta kwa kishindo mpaka katikati ya zulia.

"Njoo, dada. Nitafutie soketi," akasema. "Zunguka ukuta wote. Ukiiona moja, andika kuwa mimi ni tajiri."

Mkaguzi alisimama. Alitazama ukuta, kisha dari, ambako hakukuwa na hata waya wa taa. Mama akavuta pazia: kitanda kilichosimama wima, meza iliyoungua pembe, mkaa, pasi ya chuma, na lundo la nguo za watu.

"Mtoto wangu ana haya," mama akasema. "Si mwongo."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, safari hii akiwa amesimama. Alipomaliza alisema majibu yatakuja kwa barua, kwamba waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na kwamba hawezi kuahidi kitu. Mlangoni alimpa mama mkono.

Mama alitoa meza nje ya pazia, akawasha mkaa, akatandika shati la kwanza. Binti alibaki amesimama katikati ya samani za watu, hajui aanze kubeba nini.

"Mama, nisamehe."

Pasi ilienda, ikarudi.

"Huko kwenye chuo chako," mama akasema bila kuinua macho, "watakuuliza mama yako anafanya kazi gani. Utasemaje?"

"Nitasema unapiga pasi."

"Sikusikii."

"Mama yangu anapiga pasi."

"Sikusikii."

"Mama yangu anapiga pasi!"

Uani mtu akacheka. "Tumesikia!" muuza vinywaji akapaza sauti. "Mtaa mzima tumesikia!"

Mama hakucheka. Alivuta shati jingine, akalinyunyizia maji.

"Chuo kiko mbali," akasema. "Sema tena."