Maji Juu ya Chokaa

Simu ilikuwa imekatika kitambo, lakini Pascasie alikuwa bado ameibana sikioni. Maneno ya mwisho ya binti yake Prudence yalikuwa yamemchoma kama mwiba: "Wiki hii yote tunatoa sima, mama. Tunaikwangua mpaka jiwe lenyewe lionekane."

Kutoa sima, saruji yenyewe! Kule Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watu wanakaa kwenye nyumba za miti na udongo, na aliyepata mifuko miwili ya kupiga sakafu anasalimiwa kwa heshima. Na huko mjini Mbarara watu wenye akili zao wanaibandua ukutani, kwenye nyumba ya mawe ya zamani, na mtoto wake yuko chini ya ukuta huo ameshika nyundo.

Jirani yake Goretti, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Hakumsaidia.

"Yee! Banatoa sima? Sasa nini itashika mawe? Maombi?" Alicheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaweka maharage chini. "Mama Prudence, enda umwangalie mutoto. Ile nyumba ya mawe, ikiamua kuanguka haitaita mutu."

Asubuhi ilimkuta Pascasie barabarani. Prudence alikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi aliyejifunzia ujenzi kambini, na ndiye mtoto pekee aliyevuka naye mpaka kutoka Burundi. Basi mtu asishangae. Mama huyu, mtoto akikohoa mara moja, yeye aliuliza mara tatu.

Nyumba aliikuta imesimama. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima, na juu ya kila mlango kulikuwa na tao la mawe. Mfanyabiashara wa ngozi aliijenga enzi za mababu, na sasa mjukuu wake alitaka irudi ilivyokuwa, wakati majirani wote walishabomoa za kwao na kusimamisha maghorofa ya vioo. Prudence alikuwa juu kabisa kwenye jukwaa la miti, akisindilia chokaa katikati ya mawe. Pascasie alipomwona kule juu, alipita langoni moja kwa moja.

"Nyabo! Wewe mama, simama hapo hapo!" Alikuwa Ezira, fundi mkuu, Mnyankore mwenye kitambi. "Hapa bila kofia hapana ingia."

"Mimi ni mama yake yule."

"Hata kama wewe mama ya minista. Vaa."

Alimvisha kofia ya plastiki, akamkalisha kwenye benchi karibu na ua. Hakuwa mtu mbaya. Alipoona mama hatoi macho ukutani, alimweleza taratibu.

"Sima ni kama kaveera, mfuko ya plastiki, nyabo. Mimi nikifunga wewe yote ndani ya kaveera, jasho inapita wapi? Hii jiwe inataka kupumua. Sima inafunga maji ndani, jiwe inaoza. Chokaa inaacha maji itoke."

"Na mawe yanashikwa na nani?"

"Na uzito yake. Na chokaa. Miaka mingi imesimama, leo ianguke sababu wewe umefika?"

Mafundi walicheka. Prudence alipunga mkono toka juu. "Mama, kaa tu! Nashuka saa saba tule!"

Lori la mchanga likapiga honi langoni, Ezira akaenda.

Kaa tu. Lakini Pascasie hakuwa amezaliwa kukaa tu. Kwao, mama hafiki penye kazi ya mwanawe akakunja mikono kama bibi harusi. Tena mikono ikikaa bure, hofu ndiyo hupata nafasi. Alitazama tao, alitazama jukwaa, akaona jiwe moja limetokeza kidogo kuliko mengine. Je, jana lilikuwa hivyo?

Hapo ndipo alipoliona pipa lililokatwa nusu karibu na ua, lina mabonge meupe, makavu. Kifuniko kilikuwa kimewekwa kando. Hilo lilikuwa kosa la Ezira, na alilikiri baadaye bila kuulizwa. Kando ya pipa palikuwa na dumu la maji.

Udongo mweupe Pascasie aliujua. Kila mwaka kabla ya Noeli aliuchimba bondeni, akauloweka kwenye beseni, akaukanda kwa mikono mpaka ulainike, kisha akapaka nyumba yake ikang'aa. Alijiambia: hii kazi naiweza. Nikiwaharakishia, mtoto atashuka mapema kutoka kule.

Akamwaga dumu zima.

Ule haukuwa udongo. Ni mawe yaliyochomwa tanurini, chokaa ambayo bado haijazimwa. Ikionja maji inachemka bila moto. Anayeizima huvaa miwani na glavu, hutanguliza maji mengi pipani, ndipo hutia chokaa kidogo kidogo. Kumwaga maji juu yake, hapana. Hilo kila mama mwenye mtoto kwenye ujenzi alijue leo, asingoje kulijua kama Pascasie.

Mwanzo pipa lilikaa kimya. Kisha likaanza kufoka, mabonge yakapasuka, mvuke ukapanda. Pascasie akakunja mikono ya blauzi, akainama atazame ni nini.

"Mama! Toka hapo! Mama!"

Prudence aliteremka ngazi mbili mbili, miwani yake ya kazi ameisukuma kwenye paji la uso ili aone pa kukanyaga. Alimsukuma mama yake kwa bega. Pipa likatema uji mweupe, na tone likaingia jicho la kushoto la Prudence.

"Maji!" alipiga kelele, amejikunja. "Leteni maji!"

Ezira alikuja mbio na dumu. Lakini Pascasie alikuwa ameshamkumbatia mwanawe, amemzika uso kifuani.

"Maji hapana! Ndiyo yaliyoichemsha, mmeona wenyewe! Mnataka jicho lake lichemke?"

"Nyabo, acha mtoto!"

"Leteni maziwa! Leteni hata mafuta!"

"Mama," Prudence alisema ndani ya nguo zake, "niachilie. Inaniunguza."

Hakumwachia. Ezira alimbandua kidole kimoja kimoja. Pascasie anasema haukupita muda zaidi ya Salamu Maria moja. Ezira anasema tatu.

Walimlaza Prudence ubavu, wakamfumbua jicho, wakamimina maji, dumu baada ya dumu, na kwenye pikapu ya kwenda hospitali wakaendelea kumimina. Daktari alisema ndivyo ifanyike: maji mengi, papo hapo, kwa muda mrefu, bila kusugua, bila maziwa. Maji mengi huisomba chokaa. "Yangefika mara moja tu ilipoingia..." alianza, kisha akamwona mama mtu, akageukia karatasi zake.

Wiki ya tatu daktari alifungua bandeji. Alimziba Prudence jicho la kulia, lile lililo zima, akanyanyua vidole.

"Vingapi?"

Prudence alikawia. "Mkono nauona. Vidole vimeshikana."

Pengine litasafika, daktari alisema. Pengine litabaki hivyo.

Jumatatu, kule Misiera, Prudence alikuwa anafunga nguo zake. Pascasie akaukamata mfuko.

"Hurudi kwenye ile nyumba. Sitaki. Itakumaliza."

"Nyumba haikunigusa, mama."

Hakusema kwa hasira. Aligeuza kichwa chote, apate kumtazama mama yake kwa jicho la kulia. Pascasie aliona jinsi alivyokigeuza, na vidole vyake vikalegea kwenye mfuko. Alikaa kitandani.

Prudence alishafika kwenye mlango.

"Na maji?" Pascasie aliuliza. "Wanaweka maji karibu?"

"Mapipa mawili, mama. Ya maji safi."

"Mwambie Ezira aweke matatu."