Sikio la Chini ya Mti

Katika mashamba yote ya duriani ya Chanthaburi, ukitaja kisu cha Chamnong, wakataji wenzake wanaacha utani. Kwa miaka thelathini na minane alikwea miduriani, akagonga tunda kwa mgongo wa kisu, akasikiliza, kisha akakata au akaacha. Tunda changa hutoa mlio mzito, wa kubana. Lililokomaa husikika kana kwamba lina nafasi ndani. Mkewe, Bunruean, alisimama chini na gunia akilidaka kila tunda kabla halijagusa ardhi, na kwa kazi hiyo watu walimwita mke wa Chamnong, basi.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba masikio ya Chamnong yalikuwa yamekwisha. Mashine ya kunyunyizia dawa, aliyoibeba mgongoni tangu ujana, iliyamaliza kidogokidogo kwa kelele zake. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. Kwa la kulia aliweza kumsikia mtu wa karibu, lakini ule mlio wa tunda ulimpotea misimu miwili iliyopita. Siku aliyomwambia mkewe, alilia kama mtoto. Bunruean, aliyekuwa ameisikia milio ile miaka yote bila kuulizwa, alimwambia, "Wewe gonga. Nitasikia mimi."

Wakafunga kamba kiunoni mwa mzee, ncha yake ikaning'inia hadi mkononi mwa mkewe. Akivuta mara moja, kata. Akivuta mara mbili, liache. Walifanya kazi alfajiri, shamba likiwa kimya, na wenye mashamba walidhani ni kamba ya kumzuia mzee asianguke. Wakamsifu mama kwa kumjali mumewe. Mwanzoni Bunruean alicheka kimoyomoyo.

Kicheko kilimwisha zilipokuja pasipoti za matunda. Msimu huohuo ushirika ulianza kufunga kadi kwenye kikonyo cha kila tunda, kadi ndogo yenye mraba wa madoadoa. Mnunuzi wa mbali akiielekezea simu yake, anaona mti, siku, ghala, lori lililobeba, na jina la mkataji. Kanlaya, karani wa ushirika, aliwaeleza kwamba kumbukumbu hizo hukaa kwenye kompyuta nyingi za watu wengi kwa wakati mmoja, mstari mmoja umefungwa kwenye mwenzake kama pete za mnyororo, na hakuna awezaye kufuta, hata yeye. Ukikosea, unaongeza mstari mpya chini ya ule wa zamani, na yote miwili inabaki ikionekana. Kwa hiyo kila walipomaliza kazi, Chamnong alibonyeza dole gumba kwenye simu, na matunda ya siku nzima yakasafiri kwa jina lake. Bunruean alijiambia ni upuuzi kuionea wivu kadi ya tunda. Bado iliuma.

Jumatano hiyo Kanlaya aliwaita ofisini. Alikuwa na picha iliyotumwa kutoka Guangzhou: duriani limepasuliwa, nyama yake nyeupe na ngumu, haliliki. Mti wa arobaini na saba, tarehe tisa, mkataji Chamnong. Kanlaya alisema kwa upole kwamba matunda matatu ya namna hiyo yangefunga jina la mkataji asikate tena, lakini hili lilikuwa moja tu, tena la kwanza tangu pasipoti zianze, na kila mtu anajua mjomba, kama alivyozoea kumwita Chamnong, ni nani. Alitaka tu wajue. Akawamiminia chai.

Bunruean hakuigusa chai yake. Tarehe tisa alikuwa mkoani Trat, kumzika shangazi yake, na kabla ya kuondoka alimwapisha mumewe asipande mti. Akamshika mkono, akamtoa hadi kwenye benchi la barazani, akaketi upande wake wa kulia.

"Ulipanda."

"Mwenye shamba aliniuliza namsubiri nani," Chamnong alisema. "Ningemjibu nini? Kwamba namsubiri mke wangu aje anisikilizie?"

"Mangapi?"

"Ishirini na sita."

"Na ulipogonga ulisikia nini?"

Mzee alitazama mikono yake. "Sikusikia kitu. Nilikisia kwa rangi ya miiba."

Hasira ilimpanda Bunruean. Ilimpanda kwa ajili ya kiapo, kwa ajili ya matunda, na kwa ajili ya lile neno, anisikilizie, lililotamkwa kana kwamba ni aibu. Akamweleza kwamba ishirini na matano bado yako njiani au madukani, kwamba kuna mtu atakayenunua moja awapasulie wageni wake, na kwamba ndani kuna binti anayeweza kuyatafuta yote kwa namba na kuyasimamisha, mradi aambiwe.

"Nikisema, nimekwisha," Chamnong alisema. "Nani atampandisha mti kiziwi?"

"Sijui. Lakini ukiondoka hapa bila kusema, kesho jitafutie mtu mwingine wa kushika gunia."

Chamnong akasimama, akaingia ndani, na mkewe akamfuata.

"Kanlaya, mwanangu," alisema, "masikio yangu yamekufa. Siku ile nilikata kwa kubahatisha. Yasimamishe yote ya siku hiyo."

Binti aliweka kikombe chini. Alianza kuandika namba. Kumi na tisa yalikuwa bado ghalani Guangzhou, sita yamefika madukani. Kabla chai haijapoa kabisa, yote yalikuwa yamezuiwa yasiuzwe. Ndipo akageuka na kusema ukweli: kamati ya ushirika ndiyo itakayoamua kama mjomba ataendelea kukata, naye hawezi kumwahidi chochote.

"Sawa," Chamnong alisema. "Na siku nyingine?"

"Siku zipi, mjomba?"

"Zote za misimu hii miwili. Nilibonyeza mimi, aliyesikia ni huyu."

Kanlaya alimtazama Bunruean kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kumwona. Akasema matunda hayo yalishaliwa zamani, hakuna hata moja lililorudi, hakuna aliyelalamika, hapana haja. Lakini Chamnong alikuwa ameshavuta kiti. Aliuliza mstari unaongezwa kwa tunda au kwa siku. Kwa siku, akaambiwa. Ziko ngapi? Sitini na tatu, na kila moja inataka dole lake.

Wakaanza. Kila mstari uliandikwa vilevile: aliyegonga, Chamnong, aliyesikia, Bunruean. Mzee alibonyeza, akangoja, akabonyeza. Dole lake lilikuwa limeota sugu, mara nyingine simu ililikataa, akalifuta kwenye suruali na kurudia. Bunruean, aliyeketi nyuma yake, alilisoma jina lake kila lilipotokea na hakulichoka.

Kwenye siku ya ishirini Kanlaya aliinama upande wa kushoto wa mzee, akamwambia kwa huruma kwamba imetosha, wanaweza kuacha. Chamnong hakumsikia. Alimwona tu akisogeza midomo, akamgeukia mkewe ili ajue kilichosemwa.

Bunruean akaishika ncha ya shati la mumewe, akaivuta mara moja, na mzee akalirudisha dole kwenye simu.