Kikombe cha Kijani cha Anaclet

Marehemu Anaclet alianza kurudi nyumbani kwake Nguba, mtaa wa Bukavu, mwezi ule mkono wa bintiye ulipoanza kulegea. Hakuja usiku kama wafu wenye adabu. Alikuja mchana, mvua ikinyesha, akasimama kando ya kabati ya vyombo, mikono ikining'inia vilevile ilivyokuwa siku alipokufa. Mkewe Eulalie alimwona, akapiga ishara ya msalaba.

Kwenye karatasi za Zaïre jina Anaclet lilikuwa limefutwa kwa amri ya rais pamoja na majina mengine ya kizungu. Nyumbani nani angelifuta? Alikuwa mfinyanzi, fundi wa vyombo vya kung'aa. Mwaka uliopita tumbo lilimsokota hadi likamwua, na ukoo ukasema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa Bukavu huishuku kabla hata ya malaria. Nani alikuwa akimmiminia kinywaji? Dada yake, Godelive. Basi, kesi imekwisha. Eulalie ndiye aliyelitaja jina hilo kwanza mbele ya watu, na Godelive akafukuzwa hadi Bunyakiri.

Sasa Godelive yuko mbali, na Colombe, yule binti, mtoto wa miaka saba, analia tumbo lilelile. Nani anamtilia sumu? Eulalie alipika mwenyewe. Kila asubuhi alimnywesha mwenyewe maji ya marakuja, yale matunda machachu, katika kikombe cha kijani alichokiacha baba yake, ili asimsahau.

"Maman, papa iko anasimama kwa kabati," Colombe alisema. "Iko anataka nini?"

"Iko na kiu. Tumupatie kikombe yake, wewe utakunywa mu kopo."

Padri asingependa, lakini mama mwenye mtoto mgonjwa haombi ruhusa. Alikijaza marakuja, akakiweka kabatini kwa ajili ya marehemu, akamsihi asimchukue mtoto.

Marehemu hakunywa. Siku zikapita, maji yakaanza kuoza, Eulalie akayamwaga. Juu kikombe kiling'aa bado. Chini, pale maji yalipokaa, rangi ya kijani ilikuwa imeliwa na uchachu, pamebaki peupe pakikwaruza kidole. Ndipo akakumbuka betri kuukuu za malori ambazo Anaclet alizivunja, akasaga madini ya risasi yaliyomo ili rangi ing'ae. Fundi aliyemfundisha alimkataza: hiyo ni ya vyombo vya maua, si ya mdomo. Anaclet alicheka. Kikombe kizuri, alisema, ni cha kunywea. Na alikinywea hadi mikono ikalegea, akafa.

Kwa hiyo Godelive hakumwua mtu. Eulalie ndiye aliyekuwa akimwua Colombe, kila asubuhi, huku akimbembeleza amalize. Alikaa sakafuni akalia kwa aibu na hofu. Alipoinua macho, kando ya kabati hapakuwa na mtu, na Colombe alikuwa mlangoni akiomba chakula.

Mtoto alipopata nafuu, Eulalie alipanda lori hadi Bunyakiri, akamweleza wifi yake yote, amesimama uani. Godelive alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi.

Kwao mwenyeji huonja pombe kwanza, mgeni aone ni salama. Godelive hakuonja. Alimnyooshea tu.

"Kunywa, maman Colombe."

Eulalie alikipokea kwa mikono miwili. Aliogopa, Mungu anajua jinsi alivyoogopa. Akanywa, akamaliza.