Ukuta wa Karakana

Kuta tatu zilikuwa zimeshavikwa mbao, ulimi wa kila ubao umezama sawasawa kwenye mfereji wa mwenzake, na fundi alikuwa bado ameupa mgongo ukuta wa nne. Mwalimu mkuu alimwambia aanze na huo huo, unaotazamana na mlango, ili kamati ya wazazi ikiingia saa sita ikute ofisi mpya inang'aa. Fundi alijibu "sawa", kisha akaanzia upande mwingine. Si kwamba alikuwa na kiburi. Wiki sita hakushika kazi ya maana, tangu watu waanze kununua milango ya dukani inayokuja na bawaba zake, na hapa aliahidiwa akimaliza vizuri atapewa milango ya madarasa yote. Ila kwa ukuta ule, mkono ulimgomea.

Ofisi hii zamani ilikuwa karakana ya shule, na fundi mwenyewe alisomea ufundi humu. Kwenye ukuta wa nne, mwalimu wao wa ufundi alichora kwa rangi nyeusi umbo la kila chombo, na juu ya kila umbo akapiga msumari wa kukitundika. Kengele ilie isilie, hakuna aliyekwenda nyumbani mpaka kila picha ifunikwe na chombo chake. Siku moja koleo ilikosekana. Darasa zima walipekuana, wakapekua hadi mapipa ya vumbi la mbao, kumbe ilikuwa mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi alitabasamu peke yake, misumari mdomoni. Alimkumbuka yule mzee kwa uchungu, akakumbuka hata gundi iliyokuwa ikichemka kwenye kopo na kunuka chumba kizima.

Vyombo viliondoka kimoja kimoja, na hakuna aliyeulizwa. Siku hizi wanafunzi, mjukuu wake akiwa mmojawapo, walisoma ufundi kwa kunakili picha ya randa ubaoni. Ukuta huu ukishafunikwa, nani atajua kwamba kulikuwa na kitu cha kudai?

"Mzee!" Mwalimu mkuu aliingia akijifuta jasho. "Huku mbona bado? Mimi nilisema nini?"

"Umepinda kidogo, mwalimu. Unataka muda."

Ukuta ulikuwa umenyooka kuliko yeye na mwalimu mkuu wakiunganishwa.

"Muda gani, na watu hao hapo nje? Piga hata mbili tatu, waone kazi inaendelea!"

Wazazi saba waliingia, wakapapasa mbao, wakasifu. Mwalimu mkuu alikunjua mikono. "Ndugu wazazi, mchango wenu wa vifaa vya ufundi mnauona kwa macho. Mbao ni vifaa. Na ufundi, si huu hapa?"

Wawili watatu walicheka kwa adabu. Mama mmoja mshonaji, futi yake ya kupimia bado shingoni, hakucheka.

"Na haya madudu meusi ukutani?"

"Uchafu wa zamani tu, mama. Mzee anaufunika sasa hivi."

Fundi alikuwa ameshika ubao mikononi. Alijua kabisa akifungua mdomo, milango ya madarasa imekwenda na maji. Akamkumbuka mkewe, ambaye siku hizi hamuulizi tena kama amepata kazi.

"Hapo ni mahali pa msumeno, mama," alisema.

"Na msumeno wenyewe uko wapi?"

"Sijui. Mimi niliuacha hapo."

Yule mama alimgeukia katibu. "Andika kwenye muhtasari. Mchango wa vifaa vya ufundi: tumeonyeshwa picha ya msumeno. Kuna nini kingine, fundi?"

Mwalimu mkuu alikohoa. "Jamani, hilo halimo kwenye ajenda."

"Limo sasa. Sema, baba."

Fundi aliweka ubao chini taratibu, akasogea karibu na ukuta.

"Randa tatu," alisema. "Patasi kumi na mbili. Nyundo nane. Koleo moja."

Katibu aliandika, akafungua ukurasa mpya.

"Fundi," mwalimu mkuu alisema bila kumtazama, "kazi yako hapa imekwisha. Kusanya vitu vyako uende."

"Bado, mwalimu," alijibu fundi, kidole kikiwa ukutani. "Zimebaki bisibisi nne."