Jino la Mwisho

Mdogo wangu aliposimama tena kanisani kutubu, watu wote walitazama machozi yake. Mimi nilitazama viatu. Machozi yanaweza kudanganya, lakini viatu vya mtu aliyeshinda baa jana huwa na alama zake, na nilizitafuta mpaka ibada ikaisha. Sikuziona. Hilo halikunituliza hata kidogo, nilihisi tu kwamba siku hizi amejifunza kuvipiga brashi kwanza.

Mtaani wanamwita Toba. Jina alilopewa na baba yetu limeshasahaulika, maana haupiti muda mrefu hajakwenda mbele, akapiga magoti, akalia, akaombewa, na kwaya ikaimba kwa furaha kama vile haijawahi kumwona. Kisha anarudi kwa Mama. Anatulia, anafua mapazia, anamsomea Mama neno jioni. Halafu siku moja pasi haipo. Au sufuria kubwa haipo. Zimegeuka pombe.

Msinione nina roho mbaya. Kuteleza si kuanguka, na najua pombe ikimshika mtu inamshika. Kinachonikaba ni neno moja tu. Siku ile ya pasi nilikutana naye mlangoni, kaibana kwapani, mzima kabisa, hajaonja hata tone. Nikamuuliza anaipeleka wapi pasi ya Mama. Akanitazama kwa macho makavu akasema, "Usijali, dada. Jumapili nitatubu." Na kweli, Jumapili alitubu.

Sasa basi, mchana ule baada ya ibada tulikuwa sebuleni kwa Mama, yeye, mchungaji, Toba na mimi. Chai ilishamiminwa. Nikaona liwalo na liwe.

"Mchungaji, nina swali," nikasema. "Mtu anatenda dhambi akijua. Amekusudia. Tena toba ameshaipangia siku kabla hata hajatenda. Na akishasamehewa, anarudia. Huyo naye anasamehewa?"

Mama aliguna kwa onyo. Toba akainamia kikombe chake.

Mchungaji wetu ni mtu mzima, mpole wa sauti, na kabla ya kusema jambo zito hukoroga chai hata kama haina sukari. Alikoroga. "Andiko lina maneno makali kwa anayetenda kusudi," akasema. "Siwezi kuyalainisha. Mtu anaweza kuuzoeza moyo wake mpaka usiumwe tena, na asiyeumwa hamtafuti daktari. Hapo ndipo pa kuogopa. Lakini anayerudi akilia, hata awe alirudi jana na juzi, mimi sijapewa ruhusa ya kumfungia."

"Na utajuaje kama analia kweli?"

"Mimi sijui, binti yangu. Mungu ndiye anajua."

Jibu zuri kwa mtu ambaye pasi yake iko salama nyumbani. Hilo nililisema moyoni.

"Umeshajibiwa," Mama akasema. "Sasa mchongee mdogo wako ufunguo."

Hapo lazima nieleze mambo ya kwetu. Baba alikuwa fundi wa vitasa na funguo, na banda lake sasa ni langu, na mashine yake, na jiriwa ya kubania, na tupa ya kusugulia. Nyumbani aliweka sheria moja, kwamba mgeni hubisha hodi, mwenye kwao hufungua. Ukishakua kiasi cha kuaminiwa, Baba alikuchongea ufunguo wako kwa mkono wake, akakukabidhi sebuleni mbele ya wote, na tangu siku hiyo ukibisha hodi unachekwa mpaka ukome. Baba alipofariki, kazi hiyo ikanirudia mimi. Kila Toba alipoiba, nilibadilisha kitasa. Kila alipotubu, Mama aliniomba nichonge ufunguo mpya. Kitasa cha safari hii nilikichagua kwa makusudi, kile kinachojifunga chenyewe mlango ukirudishwa. Ndani unafungua kwa mkono, nje bila ufunguo huingii.

Kesho yake asubuhi nikachonga. Ufunguo ni meno. Kila jino lishuke kwa kimo chake, la sivyo unaingia tunduni vizuri tu lakini haugeuki. Nilipofika jino la mwisho, nikazima mashine. Nikaliacha juu kidogo, unene wa ukucha. Kwa macho huoni kitu. Nikaupangusa mafuta, ukang'aa kuliko wangu.

Nilijiambia kwamba namjaribu. Akija na matusi, tutajua toba yake ni ya mdomoni. Mtu ameshaumwa na nyoka, mnataka asishtuke akiona ung'ongo?

Nikamkabidhi sebuleni, mbele ya Mama na mchungaji. Nikamkumbatia pia. "Karibu nyumbani, mdogo wangu," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi ningeiamini. Toba aliushika ule ufunguo, akaugeuza geuza vidoleni, akalia. Mama naye akalia. Mimi nikaenda jikoni kuosha vikombe.

Hazikupita siku nyingi, akaja bandani. Alikuwa amepata kibarua cha kupaka rangi kuta, na rangi ilimkaukia mpaka kwenye nyusi. "Dada, ufunguo unakwama," akasema.

"Funguo mpya zina aibu," nikamjibu. "Lete."

Nikaubana kwenye jiriwa, nikapitisha tupa pale ambapo hapakuwa na kosa lolote. Kelele nyingi, kazi hakuna. Jino la mwisho sikuligusa. Nikamrudishia. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema, "Asante, dada."

Kabla ya kulala nilipiga magoti kama kawaida yangu. Bwana, nisamehe kwa kauongo haka, nitaunyoosha ule ufunguo. Asubuhi sikuunyoosha. Akaja tena, nikaupiga tupa tena palepale pasipo kosa, na kabla ya kulala nikaomba msamaha tena. Nililala usingizi mzuri, sitaki kudanganya.

Mchana nikawa napita kwa Mama kumchunguza. Mama alikuwa haishi safari, mara maombi ya akina mama, mara kliniki, na nilikuwa namkuta Toba amekaa kizingitini, mfuko miguuni, anatazama barabara. Nikajibanza upande wa pili, nyuma ya kibanda cha fundi viatu, nimwone anamsubiri nani. Hakuja mtu. Nikavuka, nikajifanya namtoa uzi kwenye kola ili nimnuse. Jasho na rangi.

"Mbona huingii ndani?" nikamuuliza, mimi niliyejua kuliko mtu yeyote kwa nini haingii.

"Napunga upepo, dada."

Upepo gani, jua lile la kuchoma utosi? Nikafunua mfuko wake. Viazi na sabuni ya Mama. Ikanichoma zaidi. Mwizi anayeleta sabuni ni mwizi aliyehitimu, nikajisemea, huyu ana lake jambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Halafu redio ya Mama ikapotea.

Mama aliniita mchana, na nilipofika nikamkuta mchungaji ameshakaa na Toba amesimama katikati ya sebule na nguo zake za kazi. Pale juu ya kabati ilipokuwa redio palibaki mraba usio na vumbi. Nilijua, nikajiambia. Nilijua mimi. Karibu nicheke.

"Umeondoka wewe kwanza, nikatoka nyuma yako, nimerudi, redio haipo," Mama akasema. "Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna kilichovunjwa. Wenye ufunguo wa nyumba hii ni mimi, dada yako na wewe."

"Mama, sikuichukua."

"Hata pasi hukuichukua, mpaka Jumapili ilipofika."

Toba akatazama ule mraba juu ya kabati.

"Mimi nimechoka," Mama akasema. Hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha. "Nimekusamehe mpaka magoti yameota sugu. Kusanya vyako, uende. Na usirudi. Hata ukisikia nimekufa, wewe usije kunizika."

Mchungaji alivuta kikombe. Akaanza kukoroga chai.

Basi hiyo ndiyo siku niliyoingoja miaka. Lakini sikufurahi, kwa sababu nilijua jambo moja. Toba asingeweza kuufungua mlango ule hata kwa maombi ya kufunga. Ufunguo wake niliuua mimi. Hiyo redio kaichukua nani, sikujua, lakini si huyu.

Nikamtazama, nikingoja aseme. Si aseme tu? Neno moja, "Mama, ufunguo wangu haufungui," angekuwa ameokoka. Hakulisema. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani taratibu, akaenda zake chumbani kufunga mzigo. Wala hakunitazama. Na hapo ndipo nilipoona kwamba anajua niliuharibu kusudi. Anajua, na ananinyamazia. Kwa nini? Ananitega?

Ilikuwa rahisi kukaa kimya. Aende leo, kesho nitamtafuta. Nitayaweka sawa na Mungu kwanza, halafu polepole na Mama. Jumapili hivi. Lilipopita kichwani hilo neno Jumapili, nililisikia kwa sauti ya Toba, na pasi kwapani.

"Mama," nikasema. "Huo ufunguo haufungui."

"Haufungui nini?"

"Jaribu."

Mama alinitazama, akautazama ufunguo, akauchukua. Akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake, kitasa kikajifunga. Tukasikia ufunguo ukiingia. Tukasikia akiugeuza, ukikataa. Akauchomoa, akaupuliza, akaurudisha. Ukakataa.

"Hodi," Mama akasema.

Kwenye nyumba yake mwenyewe. Mimi sikuinuka. Toba ndiye aliyetoka chumbani, shati moja mkononi, akamfungulia.

Mama ni mjane wa fundi, hakuhitaji kuelezwa mengi. "Jino gani?" akaniuliza.

"La mwisho."

"Mashine ilikosea?"

"Hapana."

"Na huyu alikuletea, akakwambia?"

"Aliniletea. Nikawa namrudishia vilevile."

"Ukijua?"

"Nikijua. Kila mara."

Kijiko cha mchungaji kilikuwa kimenyamaza. Nilimgeukia Toba kwa hasira, sijui hasira ya nini. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Baba alinifundisha na mimi, dada," akasema. "Niliuona siku ileile uliponikabidhi."

"Sasa ulikuwa unauleta wa nini?"

Alilikunja lile shati vizuri kabla ya kunijibu. "Nilikuwa nasema, labda leo ataunyoosha."

Mama akakaa. Alikaa kama mtu aliyerudi kutoka mbali. "Mchungaji," akasema, "lile swali aliloliuliza huyu binti. Hebu mjibu tena."

Mchungaji akatikisa kichwa. "Leo mwenye kulijibu si mimi," akasema, akamtazama Toba.

Toba alinitazama mimi. Nilijiandaa kwa tusi, na tusi lingenifaa, ningelipokea kwa mikono miwili.

"Msimsumbue," akasema. "Jumapili atatubu."

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa utani. Hakutabasamu. Mama peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kifupi, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Redio ililetwa na jirani baada ya siku chache, na shukrani juu. Mama mwenyewe alikuwa amemwazima, akasahau. Alimwita Toba jikoni, wakakaa huko muda, walichoambiana hakinihusu. Mimi nilikuwa nimeshaunyoosha ule ufunguo jioni ileile nilipokiri, Toba kasimama kando ya mashine anatazama tupa yangu. Ulipofungua, alinishukuru kama mteja.

Tangu hapo hajanigusia. Hanuni, hanisemi kwa watu, akija bandani ananiletea chai. Na hilo ndilo linaloninyima raha. Mtu gani anasamehe namna hiyo? Bado namtazama viatu, bado namnusa kola, ila siku hizi natafuta kitu kingine, natafuta kinyongo. Lazima kipo mahali. Mimi ningekuwa nacho.

Ufunguo wangu wa kwa Mama ninao, kila jino mahali pake. Lakini nikifika mlangoni mkono unakuwa mzito, najikuta nabisha hodi.

"Nani?" Toba anauliza kutoka ndani, na sauti yangu anaijua.

"Ni mimi."

"Mwenye kwao hufungua, dada," anasema, wala haji. Nami nasimama pale kizingitini alipokuwa akikaa yeye, ufunguo mkononi, mpaka nipate moyo wa kuugeuza.