Mpaka Aseme Ameridhika

Tone la bomba lilidondoka ndani ya sufuria, tik, kisha jingine. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na gizani nilimsikia mume wangu akikohoa ili aanze.

"Haya, mama watoto, wewe ndiye usiyeamini."

Bado ananiita hivyo, ingawa mtoto amebaki mmoja.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana nzima humwita Wakili, maana amejitolea kuwafikia wasioamini kwa hoja, si kwa kelele. Kanisani kuna darasa la kazi hiyo: mmoja anauliza kama asiyeamini, mwenzake anajibu, na zoezi haliishi mpaka muulizaji atamke "nimeridhika." Leo mwalimu wa darasa alikuja kwetu kumpima. Akifaulu, Jumapili anawekewa mikono na kutumwa. Shati alishalipiga pasi.

Nilikuwa nimebanwa kati ya meza na kitanda, binti yetu nimempakata. Mlango ulikuwa nyuma ya kiti cha mwalimu.

Nilianza na mepesi. Ulimwengu umetoka wapi? Wakili akajibu kwa raha zake: sufuria haijiundi, sembuse nyota?

"Sawa. Kama sufuria ina fundi, huyo fundi naye kaundwa na nani?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Shule ya jioni ya mkeo itakuponza, Wakili! Jitetee!"

Akajitetea: chenye mwanzo ndicho kinachohitaji fundi, na Mungu hana mwanzo. Alilipanga jibu vizuri mno, hata nikaona fahari. Ndipo swali likanitoka.

"Tulimwombea mtoto wetu mpaka sauti zikakauka. Akafa. Alitusikia?"

Tik, kwenye sufuria.

"Swali zuri hilo!" alisema mume wangu. "Karakanani lazima waniulize." Akaanza kuhesabu: uhuru wa binadamu, dunia iliyoharibika, akili zetu fupi. Kila hoja ilishikana na mwenzake kama nondo za dirisha, nami nilikuwa upande wa ndani.

"Umeridhika?" mwalimu aliuliza.

Neno moja tu. Nikilitamka, mume wangu anatumwa, na swali langu linafungwa humu ndani maisha yangu yote. Nisipolitamka, namwangusha mbele ya mwalimu wake, mume ambaye tangu msiba hajalia hata siku moja. Kazi yake imekuwa kusoma tu, kusoma, kusoma.

"Usinikomoe, bwana," alininong'oneza mume wangu kwa kicheko kidogo. "Malizia. Umeigiza vya kutosha."

Nilimvuta binti yetu kifuani. Mkono mdogo ukanipapasa shavu gizani, ukakuta limelowa, ukatulia hapo hapo.

"Baba," binti yetu alisema, "mama haigizi."