Mara Nne Mlangoni

Kifungo, binti wa miaka minane wa fundi cherehani, alikuwa amemwambia mama yake peke yake: kila apitapo mlangoni ni lazima aguse fremu mara nne, la sivyo mama atakufa. Mama aliweka sindano chini, akaapa kwamba siri hiyo ingebaki baina yao wawili.

Sasa, mbele ya daktari, mama huyo huyo aliimwaga siri yote, hata hesabu ya mara nne hakuibakiza.

"Yalimwanza ghafla, daktari, wiki mbili baada ya kuumwa koo. Shangazi yake anasema eti anadeka."

"Hadeki, mama," daktari alisema, akimulika koo la mtoto kwa kurunzi. "Wakati mwingine kinga ya mwili, ikipigana na vijidudu vya koo, hupotea njia na kuvuruga ubongo. Tutampima. Ungenificha hili, tungehangaika bure."

Kifungo hakusikia habari za kinga. Alisikia siri yake ikitajwa waziwazi, kama kipimo cha kiuno cha mteja.

"Uliapa," alisema.

"Mwanangu, nataka upone."

"Uliapa, mama!"

Mama alimnyooshea mkono. Kifungo akauficha wake mgongoni, akatoka bila kugusa mlango. Hakufika hata hatua tatu, moyo ukaanza kumwenda mbio. Akarudi, machozi yakimlengalenga, akagusa fremu mara nne, taratibu, asije akakosea. Kisha akatangulia peke yake, asimpe mama mkono.